Makaratasi yangu yametoka mu ordinatere, nani ana kosa?

"Yaya, jambo. Niko Katuba hapa Lubumbashi, natumika sekretere kwenye masomo moja ya privé. Siku moja nilipeleka ordinatere yangu kwa kijana mwenye kuuzisha filme na miziki, akaniwekea programu ya kupakua, akasema sasa utapata kila kitu bure nyumbani. Miezi 2 imepita, mtu nisiyemjua ananiandikia ku WhatsApp, ananitumia foto ya karte yangu ya kura, na karatasi ya hospitali ya mama, na liste ya wanafunzi yenye majina ya wazazi na namba zao za simu, anataka nimtumie dola 100 ili anyamaze. Mkubwa wangu anasema ni mimi niliyetoa. Yaya, sikumtumia mtu kitu! Sheria inanilinda ao inanishika?"

Mdogo wangu, pole sana. Usimtumie hata dola 1, juu akiisha kuonja atarudi, na nakala zile hawezi kukurudishia hata akitaka.

Sasa uelewe ilivyopita. Programu za namna hiyo hazipakui tu, zinatoa pia. Unapochukua wimbo kwa mtu mwingine, na yeye anachukua kwako, na mahali pa kuchukulia ni dosie moja inayochaguliwa siku ya kuweka programu, basi kama kijana yule alikuwa na haraka akachagua Documents yote, kila kitu kilichomo kimekuwa wazi, na vidosie vya ndani pia, na mtu mwenye programu kama yako, akiwa Kolwezi ao Brazili, anaandika neno "liste" ao "karte" anaona faili zako zinamtokea. Hakuvunja mlango. Wewe hukuona kitu juu hakuna kinacholia wala kuuliza.

Leo usiku, kata intaneti kwanza. Halafu, mbele ya kufuta chochote, fungua programu, ingia kwenye mipangilio, tafuta pale panaposema Dossiers partagés, maana yake dosie unazogawana na wengine, utaona njia imeandikwa kabisa, C:, Users, jina lako, Documents. Piga foto ya skrini hiyo kwa simu, ionyeshe na tarehe. Piga foto ya ujumbe wote wa yule mtu pamoja na namba yake. Ile ndiyo itakuongelea mbele ya parke, ofisi ya mwendesha mashitaka, kuliko machozi. Watu wengi wanafuta programu kwa hasira halafu wanakuja kwa avoka mikono mitupu, naumia kila mara nikisoma barua za hivyo. Ukiisha kupiga foto zote, njo uondoe programu.

Kwa sheria, nikupe kwanza ya mbali juu kule wameshagombana sana mambo haya. Marekani, mwaka 2008, mahakama ya rufaa ya San Francisco ilisema mtu aliyefungua faili zake kwa LimeWire, programu ya kupakua ya namna hiyohiyo, hawezi kulalamika kwamba polisi waliziona bila ruhusa ya jaji, na mwaka 2010 mahakama ileile ikasema hivyohivyo kwa mtu aliyetaka kuzuia wengine wasione lakini kizuizi hakikushika. Ni ngumu, mimi naiona ngumu kupita kiasi kwa huyo wa pili. Lakini usikilize vizuri: kesi hizo zinaongelea polisi kutazama, hazisemi mgeni ana haki ya kutumia karte yako. Maana kulekule, Seattle, mtu mmoja alikuwa anachota makaratasi ya kodi na ya benki kwa njia hiyohiyo, anafungua mikopo kwa majina ya wenyewe, wakamshika 2007 na mwaka uliofuata akakatiwa miezi 51 ya gereza. Mlango wazi haukumsaidia.

Kwetu Kongo, Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano. Halafu kuna Code du numérique, sheria ya mambo ya ordinatere na intaneti, ya tarehe 13 Machi 2023, ordonnance-loi namba 23/010, yenye sehemu nzima ya kulinda data binafsi za watu. Na huyu anayekuomba dola 100 kwa kukutisha, hilo ni kosa hata bila ordinatere. Kwa hiyo enda parke na foto zako, na avoka kama unaweza.

Lakini sitakudanganya kuhusu liste ya wanafunzi. Ile haikuwa yako, ni ya wazazi waliowaamini, na ilikaa mu ordinatere yako ya nyumbani pamoja na filme. Hukuitoa kwa kutaka, nakuamini, ila mkubwa wako naye ajiulize kwa nini masomo haina mashini yake ya kazi, hawezi kukubebesha mzigo wote peke yako. Muende pamoja muwaambie wazazi wiki hii, kwa mdomo ao kwa barua, namba gani zimetoka, ili mtu akiwapigia akisema ni wa masomo anataka minerval, feza ya masomo, kwa Mobile Money wamkatie. Wakisikia kwa mwingine itakuwa mbaya zaidi.

Na juu karte ya kura kwetu njo kitambulisho, pita kwa wenye laini yako uulize kama kuna SIM nyingine iliyoandikwa kwa jina lako.

"Yaya, mimi wa Kadutu, Bukavu. Nikimtumia rafiki wimbo kwa Xender, ile programu ya kutumiana faili, anaona foto zangu zote?"

Hapana, anapata ulichochagua wewe. Pabaya ni ukiunganisha simu na ordinatere ya duka la fotokopi kwa programu hiyo, pale mwenye mashini anaweza kuona foto na faili kwenye skrini yake mpaka ukate, basi kata mbele ya kutoka dukani. Na programu mpya usiiamini bila kutazama mipangilio: mwaka 2011 shirika la Marekani linalolinda wateja, FTC, liliishitaki FrostWire, wenye programu ya kupakua kama LimeWire, juu programu yake ya Android ilikuwa inatoa foto na video za mwenye simu mara tu akiiweka, bila yeye kuchagua kitu.