Niende usingizi au uzazi, na hii ya kuchoma ganzi halafu nipasue mwenyewe?

Swali: Shikamoo dokta. Niko hospitali ya wilaya huku Lindi, daktari (MD) mwaka wa tatu kazini. Nataka MMed, yaani masomo ya ubingwa, wenzangu wanasema uzazi ndo kuna hela ila mi navutiwa na usingizi, fani ya kulaza wagonjwa na kuwachoma ganzi kwenye upasuaji. Halafu usiku mtoa usingizi asipokuwepo naambiwa nichome ganzi ya mgongoni kisha nioshe mikono nimpasue mama anayejifungua. Nikikataa naonekana mvivu.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Naanza na la usiku maana hilo halingoji masomo. Ganzi ya mgongoni inashusha presha, na mara nyingi inashuka dakika chache tu baada ya kuchoma, muda huohuo we ushavaa glavu na macho yako tumboni kwa mama, sasa nani anaangalia presha na oksijeni, nani anachoma efedrini ya kupandisha presha, nani ataweka tyubu ya kupumulia ganzi ikipanda mpaka kifuani? Viwango vya WHO na WFSA (shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi) vya 2018 vinataka mtoa usingizi awepo na mgonjwa mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo usibishane koridoni saa nane usiku, andika barua kwa Mganga Mfawidhi, taja tarehe, omba rosta ya on-call ya usingizi na nesi mmoja apelekwe kozi ya usingizi. Usiku wenyewe piga simu kwa bosi wako kwanza, halafu andika kwenye faili umepiga saa ngapi na umejibiwa nini. Mama anavuja damu na rufaa haiwezekani huwezi kumwacha, najua, ila lazima awepo mtu kichwani kwake anayesoma presha tu, asitumwe kufuata damu.

Kwenye fani, nenda usingizi. Hela siifichi, wa uzazi anaweza kufungua kliniki yake jioni, wa usingizi anategemea thieta za wengine. Lakini hospitali za huku kusini, Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi, ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, hata za misheni za Ndanda na Nyangao, kote huko mpasuaji bila mtu wa usingizi hana kazi, na ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, nayo inakuhitaji wewe. Ila kabla hujaomba chuo kaa kwanza wiki mbili hivi thieta ya Ligula upande wa kichwani, uone kama unavumilia saa zote hizo bila kushika kisu. Pale MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, masomo ni miaka 3. Ruhusa ya mwajiri ianze mapema sana, uingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, inauma mtu kupata chuo akakwama hapo.

Ile barua ukishaiandika nitumie niipitie kabla hujaipeleka.