Ukichunguza Uchovu wa Kazi, Chagua Jaribio Kabla ya Kuchapisha Dodoso

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa uzamili na watumishi wa afya wa mikoa ya Mtwara na Lindi kuchambua takwimu zao, na mada inayorudi mara kwa mara ni kuridhika na kazi pamoja na uchovu wa kazini, ambao Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza kuwa ni matokeo ya msongo sugu wa kazi usiodhibitiwa vyema, bila kuuita ugonjwa. Karibu kila anayenijia amekwisha kukusanya madodoso, ndipo anauliza atumie jaribio gani la takwimu. Swali hilo lilipaswa kujibiwa kabla dodoso halijachapishwa, kwa sababu jaribio hufuata namna takwimu zilivyopatikana.

Anza na kipimo chenyewe. Dodoso la Maslach na Jackson la mwaka 1981 lina maswali 22 yanayopima mambo matatu, yaani kuchoka kihisia, kumtendea mgonjwa kama kitu, na kujiona umefanikiwa kazini. Usiyajumlishe kuwa alama moja, kwani alama kubwa katika hilo la tatu ni habari njema, ilhali katika mawili ya kwanza ni habari mbaya. Dodoso hilo hulipiwa. Asiye na fedha atazame lile la Copenhagen la mwaka 2005, lenye maswali 19, ambalo ni la bure.

Kuhusu kuridhika, wengi hutumia dodoso la Paul Spector la mwaka 1985, lenye maswali 36 katika vipengele 9, na zaidi ya nusu ya maswali hayo yameandikwa kwa mwelekeo hasi. Mwanafunzi mmoja aliniletea faili ambalo alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali ya dodoso yanavyopatana, ilikuwa ya chini mno, naye akaamini kwamba wauguzi walijibu ovyo. Tulipopitia safu moja baada ya nyingine, tuliona kwamba muuguzi aliyejaza 6 kwa kumpenda msimamizi wake ndiye aliyejaza 1 kwa kauli kwamba msimamizi huyo hamtendei haki. Majibu hayo yanapatana kabisa, lakini kompyuta iliyasoma kama yanayopingana. Kila swali hasi linapaswa kugeuzwa kwa kutoa jibu lake kutoka 7, hivyo 1 huwa 6 na 6 huwa 1, ndipo alfa ikokotolewe.

Kuchagua jaribio si kazi kubwa kama wengi wanavyohofia. Alama za makundi mawili hulinganishwa kwa jaribio la t, au la Mann-Whitney iwapo alama zimeelemea upande mmoja. Makundi matatu au zaidi kwa anova (uchambuzi wa tofauti za wastani), au Kruskal-Wallis kwa alama zilizoelemea. Uhusiano wa alama mbili hupimwa kwa kipimo cha Pearson, au cha Spearman kwa alama zilizoelemea.

Kinachonisumbua zaidi ni sharti ambalo majaribio hayo yote yanalo na ambalo watafiti wengi hulipita, yaani kwamba kila mhojiwa awe huru na mwenzake, jibu la mmoja lisifungamane na la mwingine. Wauguzi wa kituo kimoja wana mganga mfawidhi mmoja, ratiba moja ya zamu na uhaba uleule wa dawa, kwa hiyo hisia zao hufanana. Tuseme umehoji wauguzi 300, 20 katika kila kituo, na mfanano wa majibu ndani ya kituo (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa) ni 0.1: taarifa uliyopata inalingana na ya watu kama 103 tu waliochaguliwa kila mmoja peke yake. Hapo tumia modeli ya ngazi mbili, inayohesabu muuguzi na kituo chake kwa pamoja, na uongeze idadi ya vituo badala ya kuwarundika wahojiwa katika hospitali moja ya mjini.

Vilevile, ukioanisha vipengele 9 vya kuridhika na mambo 3 ya uchovu, umefanya majaribio 27, na hata kama hakuna uhusiano wowote, kwa kiwango cha 0.05 unaweza kutarajia moja au mawili yaonekane ya maana kwa bahati tu. Taja mapema machache unayoyahitaji, au ufanye marekebisho ya Holm, yanayokaza kiwango hicho kadiri majaribio yanavyoongezeka. Usishangilie p ndogo peke yake pia (p ni uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au makubwa zaidi endapo hakuna uhusiano wowote): uhusiano wa -0.15 kwa watu 400 hutoa p iliyo chini ya 0.01, ilhali unaeleza asilimia 2 hivi tu ya tofauti zilizopo.

Zingatia na majira. Ukihoji Tandahimba mwezi wa Oktoba, wakati korosho zinavunwa na watumishi wengi wenye mashamba wana shughuli mbili, kisha ukahoji Liwale mwezi wa Machi, hutajua kama tofauti uliyoipata ni ya wilaya au ya msimu.

La mwisho linahusu usalama wa wahojiwa, nami nalisisitiza kuliko yote. Katika zahanati yenye watumishi watatu, kuandika umri, jinsia na kada ni sawa na kuandika jina. Mkunga anayejua kwamba mganga mkuu wa wilaya atamtambua hatakuambia kwamba amechoka. Uliza umri kwa makundi mapana, unganisha zahanati ndogo katika jedwali moja, na usichapishe kisanduku chochote cha jedwali chenye watu wasiofika watano, hata kama aliyekupa kibali cha utafiti ataomba matokeo ya kila kituo.