Bango la tamasha la filamu: usiku wa ziwani umetoka mweusi tii

Swali: Tunaandaa tamasha dogo la filamu hapa Kigoma, mada ni usiku wa ziwani. Nimebuni bango la A2 lenye mitumbwi ya dagaa na karabai zake, milima, mwezi mpevu, kamera na mkanda wa filamu. Kwenye kompyuta linang'aa, lakini nakala ya majaribio imetoka giza tupu: milima haionekani na tarehe haisomeki. Nirekebishe wapi?

Jibu: Kioo cha kompyuta hutoa mwanga wake chenyewe, karatasi hurudisha tu ule unaoipiga. Tena doti za wino hutanuka zikigusa karatasi, kwa hiyo vivuli vilivyopita asilimia 85 hivi ya wino hushikana. Milima yako ipo, imezama humo.

Anza kwa kuhamisha faili kutoka RGB (rangi za mwanga wa kioo) kwenda CMYK (wino nne za uchapaji: saiani, majenta, manjano na nyeusi), ndipo uguse rangi. Kwa asilimia, anga lipe saiani 60, majenta 40, manjano 40 na nyeusi 100. Milima iwe nyepesi waziwazi kuliko anga, mfano saiani 90, majenta 55, nyeusi 40, hata kama kwenye kioo utaona imezidi. Maji yape saiani 100 na majenta 65. Pengo kati ya hizo mbili likishuka chini ya 30, bluu hugeuka zambarau.

Tarehe haisomeki kwa sababu nyingine. Herufi nyembamba nyeupe zikizungukwa na wino wa rangi nne humezwa, na rangi moja ikiteleza hata kidogo zinaota kingo za rangi. Dawa yake imo ndani ya mada yenyewe. Bakisha mtumbwi mmoja na karabai moja. Mwanga uanzie kwenye taa, utanuke kwenda chini kama wa projekta, uishie juu ya maji ukiwa mstatili mweupe, kama shuka lililotundikwa kuonyeshea filamu. Tarehe, ukumbi na saa viandike humo kwa nyeusi 100 peke yake, bila rangi nyingine.

Kamera na mkanda viondoe, mwanga huo umeshasema sinema. Mwezi mpevu nao uondoke: mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa na wavuvi hupumzika. Mtu wa mwalo wa Kibirizi, hapo Kigoma, ataliona kosa hilo kabla hajasoma jina la tamasha, na huyo ndiye mtazamaji mnayemtaka.

Jina la tamasha liwe na herufi kubwa zenye urefu wa milimita 50, yaani karibu pointi 200, lisomeke vizuri kutoka mita 6. Kujaribu ni rahisi: chapa kwenye A4, ambayo ni nusu ya A2 kwa urefu na upana, bandika ukutani, simama mita 3. Kisichosomeka hapo hakitasomeka stendi.

Faili iwe milimita 426 kwa 600, ambamo milimita 3 kila upande ni za kukatwa. Kwa pikseli 300 kwa inchi hiyo ni takriban 5,031 kwa 7,087. Picha ya mtumbwi ikipitia WhatsApp kama picha hubanwa na kingo zake huvunjika, hivyo mwombe mpiga picha aitume kama dokumenti. Geuza fonti ziwe michoro, hifadhi PDF, kisha lipia nakala moja kwenye karatasi ileile itakayotumika, uitazame nje juani na jioni chini ya taa kabla ya kuruhusu zilizobaki zichapwe.