Jinsi ya kulala baada ya kubadilishiwa nyonga: jibu kwa dada wa Katuba

Dada, umeeleza kwamba mama yako amebadilishiwa nyonga ya kushoto na amekwisha kurudi nyumbani Katuba, kwamba kila usiku maumivu humwamsha, na kwamba hospitalini waliwaambia tu alale chali na mto katikati ya miguu. Umeuliza kama ni lazima alale chali, kama anaweza kupewa dawa ya usingizi, na ni lini atalala kama zamani. Mimi nami nilibadilishiwa nyonga, ya kulia, baada ya gegedu kuisha kabisa, na uponaji wangu wote niliupitisha hapa hapa Lubumbashi, katika nyumba ya kawaida ya Kamalondo. Nitakujibu kwa yale niliyofundishwa na wataalamu na kwa yale niliyoyaona kitandani mwangu, lakini neno la mwisho ni la daktari aliyempasua mama, kwa kuwa yeye ndiye anayejua alipitia wapi na aliacha nini.

Kinachoogopwa katika wiki za kwanza ni nyonga kuchomoka. Kichwa bandia cha mfupa wa paja kimekaa ndani ya kikombe kipya, lakini misuli na utando unaokizunguka ulifunguliwa ili daktari apite, nao huhitaji wiki kadhaa kushikana tena. Mtu akiwa macho hujichunga. Akishikwa na usingizi mguu hujiendea unakotaka, na ndiyo sababu ya mto ule. Kama mama alipasuliwa kwa nyuma, makatazo ya kawaida ni matatu: asikunje nyonga kupita pembe ya nyuzi 90, asivushe mguu uliopasuliwa kupita mstari wa katikati ya mwili, na asigeuze goti na vidole kuelekea ndani. Kama alipasuliwa kwa mbele, hatari iko kwingine, yaani kuurudisha mguu nyuma huku vidole vikielekea nje. Kwa hiyo, kabla ya kufuata ushauri wa mtu yeyote, pamoja na huu wangu, muulizeni daktari alipita upande gani na makatazo yatadumu kwa muda gani. Madaktari wengi huyaweka kati ya wiki 6 na 12, na wengine huyapunguza wakiona nyonga imetulia.

Sasa tuje kwenye kitanda, kwa sababu naamini kwamba usingizi wa mgonjwa wa nyonga hutengenezwa kabla ya saa ya kulala, na sehemu kubwa ya utengenezaji huo ni kimo cha kitanda. Vitanda vyetu vingi ni vifupi, na godoro la sponji lililotumika miaka mingi huzama pembeni mtu anapokaa, hata magoti yakawa juu kuliko nyonga. Hapo nyuzi 90 zimekwisha kupitwa kabla mgonjwa hajalala. Kipimo ni hiki: mama akae ukingoni, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, kisha utazame kutoka ubavuni, magoti yanapaswa kuwa chini kidogo ya nyonga. Pima akiwa amekaa, wala usipime kitanda kitupu, kwa maana godoro hudanganya. Kama ni kifupi, kiinueni, lakini msitumie matofali. Matofali yetu ya udongo wa kichuguu hupasuka na kumomonyoka, na kitanda kikiteleza usiku wa manane madhara yake hayasemeki. Mimi nilimwomba seremala wa mtaani anikatie magogo manne ya mbao ngumu, kila moja likiwa na shimo juu ambamo mguu wa kitanda unaingia na kushikwa. Kazi hiyo ni ndogo na bei yake si kubwa. Chini ya godoro linalozama mtandike ubao mpana, au mligeuze upande ambao haujachakaa.

Kupanda na kushuka kitandani ndiko kunakohitaji uangalifu kuliko kulala kwenyewe. Mama arudi nyuma polepole akiwa na magongo yake mpaka ahisi ukingo wa kitanda nyuma ya miguu yake, atangulize mguu uliopasuliwa mbele kidogo, apeleke mikono nyuma kwenye godoro, ndipo akae. Akae karibu na kichwani kuliko miguuni, ili asilazimike kujiburuta kupanda juu. Kisha ajisukume kwa makalio kurudi katikati ya kitanda, akiegemea mikono nyuma, na baada ya hapo mwili ugeuke wote pamoja, mabega na nyonga vikienda sawa, wakati wewe umeushika mguu uliopasuliwa chini ya kigimbi na kisigino ukiufuatisha. Usimvute kwa mkono, wala usiunyanyue mguu peke yake kabla kiwiliwili hakijageuka. Wakati wa kushuka mimi nilifundishwa kutokea upande wa mguu uliopasuliwa, ili mguu huo utangulie kwenda nje badala ya kuvuka katikati. Kwa mama hiyo ina maana kwamba akiwa amelala chali, upande wake wa kushoto wa kitanda usiwe umebanwa na ukuta. Kama umebanwa, geuzeni kitanda leo.

Kuna mwendo mmoja mdogo ambao nyumba nyingi hazikumbuki kuuzuia, nao ni kuvuta blanketi. Mgonjwa akisikia baridi, hasa katika miezi ya Juni na Julai ambapo usiku wa Lubumbashi ni mkali, huinuka na kunyoosha mkono hadi miguuni kulitafuta blanketi lililoteleza, na kwa tendo hilo moja amekunja nyonga kupita kiasi. Fungeni kitambaa au mkanda kwenye ncha ya juu ya blanketi, upatikane karibu na mkono wake. Chandarua kichomekwe na mlinzi wa mgonjwa, asikichomeke mwenyewe.

Kuhusu ulalaji, chali ndiko salama zaidi katika siku za mwanzo, mto ukiwa katikati ya miguu, kuanzia mapajani hadi kupita magoti, na vidole vikitazama dari. Msimwekee mto chini ya goti usiku kucha, ingawa atauomba kwa sababu unapumzisha. Nyonga inayolala imekunjwa kila usiku hukakamaa ikashindwa kunyooka. Kama visigino vinamuuma, kunja kitenge uweke chini ya kigimbi, kisigino kibaki hewani, maana ngozi ya kisigino cha mgonjwa asiyegeuka huharibika haraka. Wale ambao, kama mama yako, wamelala ubavu maisha yao yote huteseka sana, na mateso hayo ni ya kweli. Daktari akiruhusu, ataweza kulalia ubavu mzima, yaani wa kulia kwake, mradi mguu wa juu ubebwe wote, kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Mto mmoja mdogo kati ya magoti hautoshi, kwa sababu mguu wa chini ya goti huning'inia mbele na kuizungusha nyonga kuelekea ndani. Tumieni mito miwili au blanketi zito lililoviringishwa na kufungwa, na nyuma ya mgongo wake muweke mto mwingine asije akapinduka. Ubavu uliopasuliwa usubiri mpaka kidonda kimefunga na daktari amekubali, jambo ambalo mara nyingi huja baada ya wiki kama 6.

Sasa dawa. Maumivu ya usiku mara nyingi ni suala la saa. Mgonjwa hupewa vidonge saa kumi na mbili jioni pamoja na chakula, nguvu yake inaisha karibu na saa sita, na hapo ndipo anapoamka akilia. Zungumzeni na daktari ili dozi ya jioni ianguke kati ya nusu saa na saa moja kabla ya kulala. Kwa mtu mzima mwenye ini zima, parasetamoli haipaswi kuzidi gramu 4 kwa saa 24, na mzee mwembamba hupewa kidogo zaidi. Soma kila boksi, maana dawa nyingi za mafua na za maumivu zinazouzwa hapa mtaani zina parasetamoli hiyo hiyo chini ya jina jingine. Usimwongezee diklofenaki au ibuprofeni kwa hiari yako wakati bado anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu zikichanganywa hatari ya kutokwa na damu huongezeka.

Na hapa najibu swali lako la pili bila kuzunguka: usimnunulie dawa ya usingizi. Ikiwa anatumia tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo wengi wetu tulipewa, kuichanganya na dawa ya usingizi kama diazepamu kunaweza kupunguza pumzi yake akiwa usingizini bila wewe kujua. Hata pasipo hatari hiyo, mtu aliyelewa dawa akiamka kwenda haja huanguka, na kuanguka juu ya nyonga mpya kunaweza kuvunja mfupa wa paja wenyewe. Tramadoli pia hufunga tumbo, na tumbo lililofungwa ni sababu ya kukosa usingizi ambayo wagonjwa huona haya kuitaja. Mpikieni lengalenga (mchicha) na matembele, apate papai, na maji mengi ayanywe mchana ili ayapunguze kuanzia jioni.

Haja ya usiku nayo ipangwe. Choo cha kuchuchumaa, tena cha nje, hakifai hata kidogo katika kipindi hiki. Seremala yule yule anaweza kutengeneza kiti imara chenye mikono ya kushikia na tundu katikati, ndoo ikakaa chini yake, kimo chake kikiwa kama cha kitanda. Kiwekwe hatua chache tu kutoka kitandani, zulia na nyaya ziondolewe njiani, na taa ya kuchaji ikae mahali mkono wake unapofika, kwa kuwa umeme wa SNEL haumsubiri mgonjwa.

Mchana asilale muda mrefu, wala asikae kwenye makochi ya sebuleni yenye kuzama. Wageni wanaokuja kumpa pole waje alasiri na waondoke kabla ya giza. Ni vigumu kumwambia mkwe au mchungaji wa kanisa jambo hili, lakini wewe ndiye mlinzi na inakupasa kulisema. Atembee kidogo mara nyingi badala ya mara moja kwa muda mrefu, maana nyonga iliyochoshwa mchana hulipiza usiku. Mguu ukivimba jioni, alale chali na mguu wote uinuliwe juu ya mito, achezeshe vifundo juu na chini, na barafu iliyofungwa kwa kitambaa ikae juu ya nyonga dakika 15 hadi 20, isigusane na ngozi wala kulowanisha kidonda.

Kuna dalili ambazo hazipaswi kungoja asubuhi. Kigimbi kikivimba upande mmoja na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla na kifua kuuma, damu huenda imeganda. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Maumivu makali ya ghafla, mguu ukaonekana mfupi au umegeuka na hawezi kuukanyagia, ni dalili ya kuchomoka: msijaribu kuuvuta wala kuukanda. Kuna pia homa. Kwetu homa yoyote huitwa malaria na dawa hununuliwa kabla ya kupima. Kwa mtu mwenye nyonga mpya, pima malaria, ndiyo, lakini siku hiyo hiyo funua kidonda ukitazame. Kikiwa chekundu, cha moto au kinatoa maji, mpigie daktari hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha ugonjwa. Kifaa kikiingiwa na wadudu, matibabu yanayoanza mapema ndiyo yanayoweza kukiokoa.

Umeuliza ni lini. Usingizi wa kukatika katika wiki 6 za kwanza ni jambo la kawaida, na kwa wengine huendelea hadi mwezi wa tatu hata kama nyonga yenyewe inapona vizuri. Linganisha wiki na wiki, usilinganishe usiku na usiku. Kama maumivu ya usiku yanazidi badala ya kupungua, hilo lenyewe ni sababu ya kurudi kwa daktari kabla ya miadi. Mkienda kwenye miadi, nendeni na maswali haya yameandikwa: alipasuliwa kwa mbele au kwa nyuma, lini anaruhusiwa kulalia kila ubavu, dawa ya kuzuia damu kuganda inaisha tarehe gani, na kama anaweza kupunguza tramadoli. Kama mko karibu na mtaalamu wa kinesiterapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mwombeni aje nyumbani walau mara moja akitazame kitanda, kwa sababu akiona chumba chenyewe atarekebisha mambo ambayo mimi siwezi kuyaona kutoka huku.