Mdaiwa Anayekukwepa Kwenye Kikoba: Mfuate Mapema, na Umfuate Peke Yako

Kila aliyewahi kuongoza kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, anamfahamu mtu huyu. Mkopo aliupokea akicheka, rejesho la kwanza alileta mwenyewe, la pili akamtuma mtoto na bahasha, la tatu hakuonekana kabisa. Simu inaita mpaka inakatika. Mkikutana sokoni anageukia bucha kana kwamba ana nyama ya kununua. Kikao kinachofuata, kabla hata sanduku halijafunguliwa, mtu ameshasema: "Huyo katuibia."

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi hapa Morogoro, wengi wetu akina mama wa biashara ndogondogo, na nimeshapita mizunguko kadhaa nikiwa kwenye kiti hicho. Viongozi wenzangu, naomba mnisikilize kwa hili: wengi wa wanaotukwepa hawakukusudia kutudhulumu. Wanaikimbia aibu. Tukiwaongezea aibu juu ya ile waliyonayo, tunaifukuza pesa ya wanachama kwa mikono yetu wenyewe.

Jambo hili lina utafiti wa siku nyingi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Helen Block Lewis, alilieleza vizuri mwaka 1971, na baadaye June Tangney na wenzake wakalifuatilia kwa miaka. Anayejutia kitendo hujiambia "nimefanya vibaya", akamfikiria aliyemkosea, akatafuta namna ya kurekebisha. Aliyeshikwa na aibu hujiambia "mimi sifai", naye hutafuta pa kujificha, au anakugeuzia hasira ukimkaribia. Deni ni lilelile kwa wote wawili. Mmoja analeta hata nusu, mwingine anabadili laini ya simu.

Sasa angalia mazoea yetu. Jina linasomwa mbele ya kikao, halafu msafara wa watu sita unafunga safari kwenda kwake jioni, majirani wote wakiwa barazani. Yanatolewa kochi, redio na jiko la gesi, na mama mkwe yuko pale pale anatazama. Kochi mtaliuza kwa bei ya kutupa na hamtafidia hata nusu ya deni. Mwanachama hamtamwona tena, na dada zake wawili waliokuwa wanataka kujiunga nao hawatakuja. Nasema wazi kwamba kubeba vyombo vya mtu ni ukatili, na hata kwa hesabu kavu za pesa haulipi.

Nieleze namna ninavyofanya. Kuna dada anauza mihogo ya kukaanga karibu na stendi, alikuwa na deni letu na ameacha kuja. Nilimfuata Jumapili mchana, peke yangu, bila daftari. Nilimkuta anamenya mihogo, nikaomba kisu, tukamenya wote. Sikumuuliza atalipa lini, kwa kuwa swali hilo linamlazimisha mtu kutaja tarehe ya uongo ili uondoke. Nikamuuliza: "Mdogo wangu, siku biashara ikienda vizuri, ukishatoa mafuta na mkaa unabaki na shilingi ngapi?" Akasema elfu nne. Na siku mbaya? Elfu moja na mia tano. "Kwa hiyo kwa wiki unaweza kutoa kiasi gani na watoto wakala?" Akanyamaza kidogo, akasema elfu tano. Rejesho letu lilikuwa mara nne ya hapo.

Kisha akanionyesha simu. Ilijaa meseji za kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Rejesho letu la pili, lile lililoletwa na mtoto, alilikopa huko kwa riba ya kutisha ili jina lake lisisomwe kikaoni.

Mtu akisikia hivyo husema, "Huyu hana akili, anakopa ili alipe mkopo." Hapana. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza watu. Moja lilikuwa hili: upoteze 3,000 kwa uhakika, au ubahatishe, ambapo kuna uwezekano wa asilimia 80 wa kupoteza 4,000 na asilimia 20 wa kutopoteza chochote? Ukipiga hesabu, kubahatisha ni hasara zaidi kwa wastani. Lakini watu 92 katika kila 100 walichagua kubahatisha. Binadamu akishajiona yuko kwenye hasara, yuko tayari kujitia kwenye hatari kubwa ili asiikubali ile hasara ya hakika. Yule dada alifanya kile ambacho mimi na wewe tungekifanya tukibanwa namna ile.

Ukata wenyewe pia unakula akili. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walitoa utafiti uliohusisha wakulima 464 wa miwa kule Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule aliyepimwa kabla ya mavuno, pesa ikiwa imekauka, alifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri kuliko alipopimwa baada ya kuvuna. Elimu yake haikubadilika, ubongo ni uleule. Ndiyo maana sikubaliani na vikundi vinavyowaita wadaiwa wajadiliwe katikati ya Januari, wakati kila mzazi anawaza ada, sare na madaftari. Ahadi atakayoitoa mtu siku hiyo haina uzito.

Kwetu tuliweka kanuni moja kwenye katiba. Atakayeona rejesho linamshinda akasema kabla ya siku ya kikao, hatozwi faini, na kiasi kinapangwa upya kulingana na kipato chake. Atakayenyamaza anatozwa faini kamili. Tukaongeza kwamba taarifa anapewa mtu mmoja tu, ambaye hakumdhamini mdaiwa na hana undugu naye, na kikaoni zinatajwa namba bila simulizi za nyumbani kwa mtu. Wengine waliogopa kwamba watu wataigeuza kanuni hiyo kuwa uchochoro wa kukwepa kulipa. Nilichokiona ni kwamba taarifa zinafika mapema, deni likiwa bado dogo. Yule dada alilipa elfu tano kila wiki na sehemu ya riba tukaifidia kwa mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, ambao kwa maoni yangu vikundi vingi vinaubania bure, kana kwamba msiba ndiyo shida pekee duniani.

Lakini kabla ya deni kuna siku mkopo ulipopitishwa, na hapo ndipo kiongozi ana kazi kubwa kuliko zote. Mara ngapi umesikia, baada ya mambo kuharibika, watu watano wakisema "mimi tangu mwanzo nilikuwa na wasiwasi"? Nawaamini. Walikuwa nao kweli, ila hawakuusema. Katika miaka ya 1950 Solomon Asch aliwakalisha watu kwenye kikundi na kuwauliza mstari upi unalingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa linaonekana waziwazi. Wengine wote kikundini walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo. Takribani robo tatu ya waliojaribiwa walifuata uongo huo angalau mara moja. Na hapa ndipo penye tumaini: alipowekwa mtu mmoja tu anayesema ukweli, waliofuata mkumbo walipungua sana.

Kama kwa mistari tu ilikuwa hivyo, fikiria pale ambapo mwombaji ni jirani yako, amekaa mbele yako mkekani, na mwenyekiti ameshasema "mimi sioni tatizo." Nani atainua mkono apinge? Kwa hiyo mimi husema mwisho, na sijibu nikiulizwa mapema. Mkopo mkubwa tunaupigia kura ya siri: kopo linazunguka, kila mtu anadondosha punje ya hindi akikubali au ya haragwe akikataa, zote zimefumbatwa kiganjani. Maharage yakizidi matatu, uamuzi unaahirishwa hadi kikao kijacho na mwombaji anashauriwa apunguze kiasi. Hakuna anayejua haragwe lilitoka kwa nani, kwa hiyo hakuna ugomvi kisimani.

Sisemi kwamba matapeli hawapo. Wapo, na mara nyingi hawafichi uso. Tapeli anakuja kikaoni, anaongea sana, ana sababu mpya kila wiki, na pesa anayo, unaiona kwenye duka lake lililojaa mzigo. Huyo fuata katiba, waite wadhamini, na ikibidi nenda kwa mtendaji wa kata. Huruma yangu haimhusu.

Na grupu la WhatsApp, jamani. Msitume orodha ya wadaiwa humo. Mtu akishasoma jina lake saa nne usiku kwenye simu ambazo hajui ziko mikononi mwa nani, hata akiwa na pesa mfukoni, kesho hatakuja.

Mkitaka kuyafanya haya, msiyaingize katikati ya mzunguko. Mwenye deni leo atahisi kanuni imetungwa kwa ajili yake, na waliolipa kwa shida watahisi wameonewa. Subirini mvunje kikoba, kila mtu apewe gawio lake, kisha katika kikao cha kwanza cha mzunguko mpya, sanduku likiwa tupu na hakuna anayemdai mwenzake, someni kanuni kwa sauti na mpige kura. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vyetu vinatambulika kisheria katika daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii vya fedha, kwa hiyo mabadiliko yaandikwe kwenye katiba yenyewe na wanachama wote watie saini.