Ute, utando au ukoga?

SWALI: Mimi ni muuguzi, na nimepewa kazi ya kuandika kipeperushi cha Kiswahili kuhusu bakteria wa kinywani na tumboni. Kuna kitu ambacho vitabu vya kitaalamu hukiita bayofilamu. Mwenzangu mmoja anataka niandike "filamu ya kibayolojia", mwingine "ute wa bakteria", wa tatu "utando". Nimeandika hivi: "Bakteria inatengeneza ute juu ya meno na ute huo unakula meno. Tumboni pia bakteria hiyo inatengeneza ute unaoleta vidonda, nayo ni sugu kwa dawa." Je, ni sawa? Na niseme bakteria "inatengeneza" au "wanatengeneza"?

JIBU: Andika utando wa bakteria. Ukizungumzia ule wa kwenye meno peke yake, andika ukoga. Neno "ute" liache, na hapo nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kipeperushi chako kinapoweza kumpotosha mgonjwa. "Filamu ya kibayolojia" haina haja ya hoja ndefu: kwa wasomaji wako filamu ni kitu cha kutazama, na anayesikia kwamba ana filamu tumboni atadhani amepigwa picha. "Bayofilamu" inafaa katika makala ya wanasayansi, tena mara moja mwanzoni, kisha uendelee na utando.

Tuanze na kitu chenyewe. Bakteria anayeelea peke yake kwenye mate au maji huishi kwa namna moja. Akipata mahali pa kushika, liwe jino, jiwe la mtoni au mrija wa hospitalini, hubadilika. Hujinatisha, hugawanyika, na kundi zima huanza kutoa gundi ya sukari ndefu, protini na hata nyuzi za DNA. Gundi hiyo huwafunika na kuwashikamanisha, na katikati yake hubaki vijia vinavyopitisha maji na chakula. Humo ndani huachia kemikali za kuashiriana. Kemikali hizo zikizidi kiasi fulani, kila mmoja huwa amejua kwamba wenzake ni wengi, na tabia za kundi zima hubadilika kwa pamoja. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alikwangua uchafu mweupe katikati ya meno yake, akautazama kwa lenzi alizozisaga mwenyewe, kisha akaiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kuhusu viumbe wadogo aliowaona wakicheza humo. Jina bayofilamu lenyewe ni la juzi tu: lilienea baada ya 1978, mwaka ambao J. W. Costerton na wenzake waliandika jinsi bakteria wanavyojishikiza.

Sasa neno. Utando linatokana na kutanda. Wingu hutanda, ukungu hutanda, maziwa yaliyochemshwa yakipoa hupata utando juu, na buibui ana utando wake. Katika matumizi yote hayo kuna wembamba, kuna kuenea juu ya kitu kingine, na kuna kushikana. Bayofilamu ina sifa hizo zote, kwa hiyo sioni sababu ya kuazima. Ni neno la ngeli ya U-ZI: utando huu umeganda, tando hizi zimeganda. Angalia tu usiandike "utandu", maana huo ni wali uliogandamana na sufuria, na muuguzi anayewaambia watu waondoe utandu ataonekana anawapangia zamu ya kuosha vyombo.

Kinywani tuna neno lililo tayari, nalo ni ukoga. Lina undugu na koga, yaani ule uchafu kama kuvu unaoota kwenye nguo zilizokaa na unyevu, wala halihusiani na kukoga maji. Wazee walilitumia kwa uchafu unaoganda juu ya meno bila kuhitaji hadubini. Ndio huohuo utando wa bakteria: muda mfupi baada ya jino kusafishwa, protini za mate hutanda juu yake, na bakteria wa mwanzo, wengi wao wa jamii ya Streptococcus, hujishikiza kwenye protini hizo. Wengine huja kushika juu ya wale wa kwanza. Aitwaye Streptococcus mutans ana ufundi wa pekee: akipata sukari ya mezani huigeuza kuwa gundi isiyoyeyuka majini, na kinachobaki hukichachusha kuwa asidi.

Asidi hiyo ndiyo inayonifanya nisiipitishe sentensi yako ya kwanza. Umeandika kwamba ute "unakula meno". Najua umelitoa wapi: watu husema jino limeliwa na mdudu, na mtoto huambiwa peremende zitamletea wadudu wa meno. Kwa mazungumzo sina ugomvi, kwa kuwa mdudu katika Kiswahili hajawahi kuwa na mipaka mikali. Ni panzi, ni funza, na ni kijidudu cha ugonjwa. Lakini katika kipeperushi usemi huo unaficha mkosaji. Bakteria hali jino, anakula sukari. Asidi anayoitoa hubanwa chini ya ukoga, mate hayaifikii upesi, na ukali wake ukifika pH ya 5.5 hivi au chini ya hapo (pH ni kipimo cha asidi, na namba ikishuka asidi ni kali zaidi), madini ya jino huanza kuyeyuka. Ukiandika "asidi humomonyoa jino" utakuwa umesema kweli, na msomaji ataelewa papo hapo kwa nini anaambiwa apunguze soda na peremende. Ukiandika "mdudu anakula jino", atatafuta dawa ya kuua mdudu.

Ukoga ukiachwa, madini ya kwenye mate huingia ndani yake na kuugeuza mgumu kama jiwe. Hapo unabadilika jina, na madaktari wa meno wengi wa Tanzania huuita ugaga. Tofauti hiyo ihifadhi, maana kila kimoja kina kitenzi chake. Ukoga husuguliwa. Ugaga hukwanguliwa, tena na mtaalamu kwa vifaa vyake. Kusukutua hakutoshi kwa chochote kati ya viwili hivyo, kwa kuwa kusukutua ni kuzungusha maji kinywani na kuyatema, na kitu kilichojinatisha hakiondoki kwa maji kupita juu yake. Nimeona vipeperushi vinavyosema "sukutua meno asubuhi na jioni" pale ambapo mwandishi alikusudia kupiga mswaki. (Mswaki wenyewe ni Kiarabu, miswak, tuliisikia ile m- ya mwanzo tukaifanya kiambishi chetu, tukapata mswaki na miswaki, kama mti na miti.)

Tena andika kinywa, usiandike mdomo. Mdomo ni kile kinachoonekana kwa nje, midomo miwili; bakteria tunaowazungumzia wamo ndani, na ndani ni kinywani. Wizara ya Afya nayo husema afya ya kinywa na meno.

Tushuke tumboni, ambako "ute" unaleta madhara hasa. Ute, kwa maana yake ya kawaida, ni majimaji mazito yanayoteleza: ute wa yai, ute wa bamia, ute unaotoka puani. Mwilini, ute hutengenezwa na mwili wenyewe, na tumboni una kazi kubwa. Asidi ya tumbo ina pH ya 1 hadi 2, ukali wa kuweza kuudhuru ukuta wa tumbo lenyewe. Kinachoukinga ukuta huo ni tabaka la ute. Upande wa juu wa ute kuna asidi kali, upande wa chini, karibu na ukuta, asidi imepoozwa. Bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori (kwa kifupi H. pylori), anaifahamu njia hiyo. Ana kimeng'enya kinachoivunja urea na kutoa amonia, ambayo huipooza asidi iliyomzunguka; ana mikia ya kuogelea; hupenya ute hadi chini, akakaa pale penye nafuu. Na huko chini, wanasayansi wamewaona kwa hadubini bakteria hao wakiwa wamejifunika kwa utando wao juu ya ukuta wa tumbo la binadamu.

Basi kuna vitu viwili: ute uliowekwa na mwili ili kujilinda, na utando uliowekwa na bakteria ili nao wajilinde. Kipeperushi chako kimeviita vyote ute. Mgonjwa akishasoma kwamba ute tumboni ndio unaoleta vidonda, atatafuta cha kuukata, ndimu au siki ama majani fulani ya kuchemsha, na kumbe ute ndio ngao yake. Ndiyo maana nimeshikilia: ute ni wa mwili, utando ni wa bakteria. Ukilinda mpaka huo, hata sentensi ngumu itasomeka: "Bakteria hupenya ute wa tumbo, kisha hujenga utando chini yake."

Vidonda pia haviletwi na utando moja kwa moja. Bakteria huufanya ukuta uvimbe, kinga ya ute hudhoofika, asidi hupenya, na hapo kidonda hutokea. Si kila aliye na H. pylori hupata kidonda, na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni nazo huweza kukileta bila bakteria yeyote. Kwetu bado wengi husema vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo au kula kwa kuchelewa, na madaktari nao kwa miaka mingi waliamini jambo la karibu na hilo, mpaka Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walipowaotesha bakteria hao maabara mwaka 1982. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Ningependa kipeperushi chako kigusie habari hiyo, kwa kuwa mtu aliyeambiwa tatizo lake ni mawazo haoni sababu ya kumaliza dozi ya siku 14.

Neno "tumbo" lenyewe lina ulegevu. Anayesema tumbo linamuuma anaweza kuwa na maana ya utumbo, kizazi au kibofu. Mara ya kwanza andika "mfuko wa chakula", halafu uendelee na tumbo.

"Sugu kwa dawa" nayo inahitaji uangalifu. Usugu ni hali ya bakteria mwenyewe: amebadilika katika vinasaba, dawa haimuui tena, na watoto wake huurithi usugu huo. Bakteria aliye ndani ya utando anaweza kuwa si sugu hata kidogo. Dawa inamfikia kwa tabu, tena wengine ndani humo wamepunguza kasi ya kuishi kiasi kwamba dawa inayowavizia wanaokua haiwapati. Mvunjie utando, umtoe nje, na dawa ileile itamuua. Hali hiyo mimi huiita ustahimilivu: bakteria ndani ya utando hustahimili dawa. Vyote viwili hutokea kwa H. pylori, lakini usiviite jina moja, kwa kuwa mgonjwa akisikia usugu atadhani dawa haifai tena, na wengine huiacha.

Upatanisho wa kisarufi ni jambo jepesi zaidi. Bakteria ni viumbe hai, na viumbe hai katika Kiswahili sanifu huchukua upatanisho wa A-WA hata kama jina halianzi na m- wala wa-: simba amelala, nyuki wameruka, bakteria amejishikiza, bakteria wamejishikiza. "Bakteria inatengeneza" husikika sana, hata kwa wasomi, ila katika maandishi mimi huisahihisha. Jina halibadiliki katika wingi, basi "mabakteria" haitakiwi. Vijidudu ni habari nyingine. Kile kiambishi cha udogo hulivuta neno kwenye KI-VI, kwa hiyo "vijidudu hivi vinaenea" ni sawa, na virusi vimekwenda njia hiyohiyo. Hakuna anayesema virusi wa ukimwi.

Umeandika pia "bakteria hiyo", na hapa hata ukisahihisha kuwa "bakteria huyo" kosa litabaki. Kionyeshi hicho kinamrudisha msomaji kwa yule aliyetajwa kwanza, yaani unamwambia kwamba bakteria wa kwenye meno ndiye anayeshuka tumboni kuleta vidonda. Anayeongoza kuoza kwa meno ni wa jamii ya Streptococcus, wa vidonda vya tumbo ni Helicobacter. Sema "bakteria wa aina nyingine".

Kwa hiyo mimi ningeandika hivi: "Bakteria wa kinywani hujenga utando juu ya meno, ambao huitwa ukoga. Wakipata sukari hutoa asidi, na asidi hiyo humomonyoa meno. Katika mfuko wa chakula, bakteria wa aina nyingine, Helicobacter pylori, hupenya ute unaoukinga ukuta wa tumbo na huweza kujenga utando chini yake. Wakiwa ndani ya utando huo hustahimili dawa, kwa hiyo maliza dozi yote uliyoandikiwa." Jina la Kilatini liache lilivyo, kwa herufi za mlazo, wagonjwa wako watalitamka "echi pailori", nawe ukizungumza nao tamka hivyohivyo.