Livu isokuwa na mwisho, na mie nikachukua siku tisa

Siku niliyosaini kontrakti yule dada wa HR aliniambia kwa simu, "hapa hatuhesabu livu, chukua siku unazotaka." Kampuni ya programu hiyo, wakubwa wako ng'ambo, tawi limesajiliwa hapa Kenya, mie nafanyia kazi nyumbani Mkomani. Wallahi nilikimbia jikoni kumwambia mamangu, naye akaniuliza kitu kimoja tu: "Na nani atakayekwambia nenda?" Nikamcheka.

Miezi 14 baadaye nimechukua siku tisa. Tatu za Idd, mbili mtoto akiumwa, nne harusi ya binamu yangu Lamu, na hizo za Lamu laptopu nilibeba, shangazi zangu wanapakua pilau mie niko kwenye kibaraza najibu meseji za kazini. Hakuna aliyewahi kunikatalia, hilo niliseme wazi. Meneja anaandika "sawa, ila hakikisha kazi haikwami", basi wafungua kalenda ya timu, huoni mtu aliyechukua hata wiki, waona haya, wapunguza. Siku 21 za sheria unazidai kama chako, lakini hizi zisizo na idadi kila ukitaka ni kama waomba hisani. Na si kwamba mabosi wote ni wajanja, wengine wao wenyewe hawaendi.

Mtindo wenyewe umetoka Marekani, Netflix ndo waliovuma nao, na Microsoft wakauleta kwa wafanyakazi wao wa mshahara wa kule Januari 2023. Sasa kule sheria ya taifa hailazimishi likizo ya kulipwa hata siku moja kwa kampuni binafsi, kwa hiyo kwao yaweza kuwa neema kweli. Ila jimbo kama California livu uliyojikusanyia ni sawa na mshahara, ukiacha kazi lazima ulipwe. Hizi zisizo na idadi zisipojikusanya, mwajiri hana deni. Umeona hesabu inapoelekea?

Kwetu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, yasema siku 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili, na hicho ni kiwango cha chini, kontrakti haiwezi kukishusha hata iwe na maneno matamu vipi. Ukiondoka katikati ya mwaka wahesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi.

Nilipoacha kazi nikauliza siku zangu, nikajibiwa "huna salio, hapa hatuhesabu." Nikachukua daftari la mtoto: 14 mara 1.75 ni 24.5, toa 9, zabaki 15.5. Nikawatumia pamoja na picha za meseji zote za ruhusa. Wiki tatu kimya, halafu pesa zikaingia bila hata salamu.

Ukipewa ofa kama hiyo usiikatae, ila kabla ya kusaini waandike kwamba angalau siku 21 zitahesabiwa, na muulize meneja yeye mwenyewe alikwenda lini mara ya mwisho na siku ngapi, akianza kugunaguna ushajua. Tarehe zako zitie kwenye kalenda mapema, Januari hivi, usingoje kazi ipungue maana haipungui.

Sahii niko kwengine, siku 25, zimeandikwa. Agosti narudi Lamu, laptopu inabaki kabatini na ufunguo anao mamangu.